Hukubadili Mawazo, Mama Riziki

Mke wangu Mama Riziki,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yetu ya kulia hapa Shanwe, ile yenye mguu mmoja mfupi niliyoapa kuitengeneza tangu Riziki yuko darasa la nne. Bado inayumba. Nimeikunjia karatasi nikaweka chini, na najua ungesema, "Mwalimu, kwako wewe karatasi ndiyo fundi." Ni miezi saba sasa tangu tukuzike. Nina jambo la kukuambia, nimelizunguka muda mrefu, kwa hiyo naomba univumilie nianzie mbali kidogo. Unanijua, mimi hata kuomba chumvi huwa naanza na utangulizi.

Mwezi uliopita nilikuwa kidato cha tatu, kipindi cha Kiingereza kabla ya mapumziko. Tulikuwa tunasoma habari fulani kitabuni, na katikati ya ukurasa likatokea neno resolute. Nikaliruka. Miaka ishirini na sita nimeshika chaki, sijawahi kuruka neno mbele ya wanafunzi. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Sir, hilo neno umelipita. Maana yake nini?" Nikamwambia tutaliangalia kesho. Kesho yake nikawapa zoezi la kuandika, nikakaa mezani nikijifanya nasahihisha madaftari. Neno lile ni lako, mke wangu, na mimi sikuwa na uso wa kulifundisha.

Unakumbuka lilivyokufikia? Ilikuwa Mishamo, kwenye makazi yenu mliokimbia Burundi, mwaka wangu wa kwanza kazini, kanisa lenu lilipoomba walimu wajitolee kufundisha watu wazima Kiingereza baada ya kazi. Mlikuja watu kumi na kitu, wengi mmetoka shambani na udongo bado uko kwenye visigino. Wewe ulikuja na baiskeli, nusu gunia la maharage limefungwa nyuma, ukaiegemeza pale dirishani ili uione. Mimi kijana, shati limepigwa pasi, najiona profesa. Nikaandika ubaoni vivumishi vya tabia za watu. Nilipofika kwenye resolute nikasema, imara, thabiti, tuendelee. Ukanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Hii nguzo ya kanisa nayo ni resolute?"

Darasa zima likacheka. Nikasema nguzo ni imara, sawa, ila neno hili ni la mtu.

"Kwa nini?"

Hapo nikashikwa. Chuoni walinifundisha maana, hakuna aliyenifundisha kwa nini. Nikafutafuta ubao mahali palipokuwa safi tayari. Ukaona nahangaika, ukajijibu mwenyewe.

"Kwa sababu nguzo haijaamua kitu. Imewekwa tu pale. Mtu ndiye anayeamua, halafu anakaa kwenye uamuzi wake hata kama mlango uko wazi."

Haki ya Mungu, sijawahi kupata maelezo mazuri kuliko hayo, na kila mwaka nimeyatoa darasani kama yangu. Siku ile lakini nilitaka kujionyesha, nikasema basi huyo ni mkaidi tu kwa jina la kupendeza. Ukakataa kabisa.

"Mkaidi hasikii, Mwalimu. Huyu anasikia yote, yanamuuma, na bado."

"Na bado nini?"

"Na bado. Inatosha."

Wiki zilizofuata ulinichosha na neno hilo. Ulitaka kujua matumizi yake yote. Je, mtu anayekataa kunywa chai ni resolute? Nikasema hapana, ni neno la mambo mazito, haliendi kwenye chai. Je, mtu ambaye hakuna anayempinga? Nikasema hata huyo anaweza, ila tunalitumia zaidi pale mtu anaposukumwa na hasukumiki. Linakwenda na uso wa mtu, linakwenda na sauti yake, na jibu lake. Je, mtu akiwa hivyo leo, kesho akaacha? Nikafikiri, nikasema basi leo alikuwa na hamu tu. Ulicheka ukaandika jibu hilo kwenye daftari lako lenye gamba la bluu. Mimi nilishapenda zamani, wewe unaandika.

Tulipooana, wewe ukawa mfano wangu ubaoni. Kila kidato kilichopita mikononi mwangu kilinakili sentensi ileile, My wife is resolute, na kila mwaka wavulana wa nyuma waliguna na wasichana wakaziba midomo. Siku moja uliniletea chakula shuleni, ukaiona kutoka mlangoni. Nyumbani ukaninunia mpaka kesho yake. "Umenitangaza kama sabuni," ulisema. Lakini Riziki aliniambia baadaye kwamba ulimsimulia habari hiyo mara tatu huku unatabasamu.

Na sikuwa nimekutania. Nilipowaambia watu wa kwetu Sibwesa kwamba naoa Mishamo, ulisikia mwenyewe walivyosema. Mkimbizi. Mrundi. Wasichana wetu wa Kibende wameisha? Na kwenu nako hawakuwa nyuma, walisema Mtanzania atakutumia halafu atakurudisha. Ulikaa kwenye mkeka wa mama yako ukasikiliza pande zote mbili, umeinamisha kichwa, machozi yanakutoka. Walipomaliza ukasema, "Nimesikia. Tunafunga ndoa baada ya mavuno." Ukaenda kuchota maji. Mama akaniangalia akasema, "Mwanangu, huyu umempata hivyo alivyo. Usije kulalamika."

Mama. Huyo ndiye kiini cha barua hii, kwa hiyo sasa nafika.

Mwaka ule watu wa Mishamo walipotakiwa kuchagua, kubaki wawe raia wa hapa au kurudi Burundi, nyumba yenu iligawanyika. Baba yako alirudi, akafia huko. Kaka zako wawili wakubwa walirudi. Mama alikuwa ameshafunga mizigo, hata sufuria alishazifunga kamba. Halafu akakuona wewe na Riziki mdogo amekushika kitenge, akafungua mizigo. Alibaki kwa ajili yako na mdogo wako, shemeji yangu. Miaka mingi baadaye, alipougua ule ugonjwa wa mwisho, alikuwa na hofu moja tu. Alisema kila mtu wake amezikwa mahali pengine, yeye atalala peke yake kwenye nchi hii kama mtu asiye na jamaa. Ukamshika miguu ukamwambia, "Mama, mimi nitalala pembeni yako. Upande wa kulia. Nimesema." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia. Ukageuka ukaniangalia, nikaitikia kwa kichwa.

Hiyo ndiyo ahadi. Haikuwa siri. Shemeji aliijua, Shangazi yako aliijua, Riziki aliijua. Kila tulipokwenda kupalilia kaburi la mama uliacha nafasi ile ya kulia bila kupanda ua.

Kisha ukaugua wewe. Zile wiki za hospitali sizisimulii, ulikuwepo. Nataka tu kukukumbusha asubuhi moja, Riziki amekwenda kuchukua uji, uliponishika kiganja ukaniambia, "Mwalimu, wewe ni mpole. Upole wako ndio nilioupenda. Lakini siku ile kaka zako watakuja na maneno yao. Siku ile usiwe mpole." Nikasema sitakuwa. Ukasema, "Niapie." Nikasema mke wangu, kwani hunijui? Ukacheka kidogo, cheko lako la upande mmoja wa mdomo, ukasema, "Nakujua, ndiyo maana nakuapisha." Nikaapa.

Ulifariki alfajiri ya Alhamisi. Kufika saa nne shemeji alishanipigia kutoka Mishamo kwamba vijana wameanza kuchimba, upande wa kulia wa mama, udongo mlaini. Saa nane wakafika watu wa Sibwesa na gari walilokodi, kaka yangu mkubwa mbele, wajomba, na wazee wawili wa ukoo. Wakakaa uani kwetu kwenye viti vya kuazima. Kaka akasema, kwa utaratibu wake ule wa pole pole, kwamba mke wa ukoo hulala kwenye ukoo. Tulimtolea mahari, akatuzalia, leo tukampeleke kwa watu wengine, kwani tumemfukuza? Watasema nini watu? Mzee mmoja akaongeza kwamba Mishamo ni kambi, na mtu haziki mkewe kambini. Nilitaka kusema si kambi tena, ni miaka mingi si kambi. Sikusema.

Kaka akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye msiba. Unasemaje?"

Riziki alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni ana kitenge chako begani. Alikuwa ananiangalia mdomo. Mama Riziki, hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyenyanyua sauti. Kaka yangu aliniuliza vizuri tu, kama mtu na mdogo wake, na mlango ulikuwa wazi kabisa.

Nikasema, "Nyie ndio wakubwa. Mimi nawasikiliza nyie."

Wakaitikia kwa vichwa, wakaanza kupanga magari. Riziki aliingia ndani.

Ningeishia hapo, ungekuwa woga wa kawaida, na labda ungenisema mpaka ungechoka ukanisamehe. Lakini nilifanya jingine, na hili ndilo linalonikosesha raha kila siku. Saa kumi simu iliita. Shemeji.

"Shemeji, kaburi liko tayari. Mnaondoka saa ngapi, tuwape watu maji?"

Nilijua nikisema ukoo umekataa, atauliza, na wewe ulisemaje? Sikuwa na jibu la kumpa mtu aliyechimba tangu asubuhi. Basi mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Shemeji, kuna mabadiliko. Dada yako alibadili mawazo. Zile siku za mwisho, hospitali. Alisema alale Sibwesa."

"Dada alisema hivyo?"

"Alisema."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Nikasikia sururu inagonga jiwe kule kwake, vijana bado wanasawazisha. Halafu akasema, "Basi. Kama ni neno la marehemu, sisi ni nani." Akakata.

Yaani kati ya watu wote duniani, wewe. Wewe ndiye niliyekufanya mtu wa kubadilika. Nilipogeuka, Riziki alikuwa nyuma yangu. Ndiye aliyelala chini ya kitanda chako wiki zote zile, alijua kila neno lililotoka kinywani mwako. Akaniuliza taratibu, "Baba, mama alisema hivyo lini?" Nikasema tutaongea baada ya mazishi. Hatukuongea. Alirudi kazini kwake Sumbawanga siku ya tatu, na tangu hapo simu zake ni za adabu tupu. Shikamoo baba, umekula, dawa za presha umemeza, haya baba. Hakuna matusi yanayouma kama hayo.

Shemeji na Shangazi walikuja Sibwesa kukuzika. Walisimama nyuma kabisa kama wageni. Zamu yao ya kutupa udongo ilipofika, Shangazi alitupa, akajipangusa viganja, akarudi nyuma bila kulia, na wewe unajua Shangazi hulia hata kwenye harusi. Wakati wa kuondoka shemeji aliniambia, "Kaburi halifunikwi tupu. Tumekata mgomba, tumezika mgomba." Akasema hivyo tu, akapanda pikipiki. Nilibaki nimesimama barabarani. Pembeni ya mama yako, mahali ulipoacha bila ua miaka yote, pamelala shina la mgomba lililofungwa sanda kama mtu. Ni mimi niliyeliweka pale.

Baadaye nikasikia maneno yanayosemwa kule. Watu wanasafiri, maneno yanasafiri. Kwamba ulipokuwa mke wa mwalimu wa mjini ulijiona umeshakuwa mtu wa kwao. Kwamba ulimdanganya mama yako kitandani. Muuza samaki mmoja hapa sokoni, ana ndugu Mishamo, aliniambia kwa nia njema kabisa, "Pole Mwalimu, lakini mkeo naye aliwaumiza wazazi." Nikapokea samaki wangu nikasema asante. Jamani! Nikasema asante.

Ndiyo maana siku ile darasani nililiruka lile neno. Na baada ya yule binti kuuliza sikupata tena usingizi wa maana. Ijumaa moja nikampigia Riziki, nikaanza, mwanangu, kuhusu yale niliyomwambia mjomba wako. Akanikata. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Usiniambie mimi, baba. Mimi najua. Kawaambie wasiojua."

Kesho yake nikapanda basi la asubuhi mpaka njia panda, kisha bodaboda. Njiani nilipanga utangulizi wa kila aina. Nilipofika, shemeji alikuwa anageuza muhogo kwenye turubai. Alinipokea begi, akaniletea kiti, maana ndivyo mlivyolelewa. Sikukaa. Nikamwambia nimekuja na jambo la dada yake.

"Kama ni la dada," akasema, "silisikii peke yangu."

Akamtuma mkewe. Akaja Shangazi na fimbo yake, wakaja wale vijana wanne waliochimba, wakaja majirani wengine wakipangusa mikono. Nikajikuta naangaliwa na watu kama kumi na tano. Utangulizi wote ukapotea. Nikasema, "Niliwadanganya. Mama Riziki hakubadili mawazo. Mpaka siku ya mwisho alisema anataka kulala hapa, na aliniapisha. Mimi ndiye niliyeshindwa kusema mbele ya ndugu zangu, na niliposhindwa nikamsingizia yeye."

Mmoja wa wachimbaji akauliza, "Walikutisha?"

"Hapana."

"Walikupiga?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Niliwaambia nawasikiliza wao."

Kijana akaangalia chini. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenitukana. Shemeji alikuwa amenipa mgongo, anageuza muhogo uleule alioshaugeuza, kipande kimoja kimoja. Nikasema tena, maana niliona kama sijasema vizuri, kwamba dada yake hakuyumba hata siku moja, maumivu yalipomzidi hakuyumba, aliposikia maneno ya kaka zangu hakuyumba, yeye na neno lake waliingia kaburini pamoja. Nililia mbele za watu, mimi na mvi zangu.

Shemeji akaja akasimama karibu yangu. "Miezi saba," akasema, "nimemchukia dada yangu. Nimepita kwenye kaburi la mama naona aibu kwa ajili yake." Akajipangusa vumbi la muhogo. "Leo umenirudishia dada. Nashukuru. Chakula utakula, umetoka mbali. Lakini mkono wangu usinishike."

Nikasema sawa, nikabaki na mkono wangu.

Hajanisamehe, Mama Riziki, na sikwenda kuomba asamehe. Wala siwezi kukutoa Sibwesa, kaka hatakubali na mimi si mtu wa kufukua marehemu. Nilichokwenda kufuata ni hicho kimoja, wajue wewe ni nani. Ndugu zangu nao nitawaambia, tutakapokutana kujengea kaburi lako, kwamba tulikuzika mahali ulipokataa. Naogopa. Nakuambia ukweli, naogopa kuliko nilivyoogopa Mishamo. Ila naenda.

Acha nimalizie pale mezani kwa shemeji. Wakaleta ugali wa muhogo na maharage, tukakaa, mimi pembeni. Unajua Shangazi habariki chakula bila kutaja marehemu wa nyumba, mmoja mmoja, mpaka ugali unapoa na watoto wanaanza kusukumana. Mke wa shemeji alikuwa ameninong'oneza jikoni kwamba tangu mazishi jina lako halijawahi kutajwa kwenye maombi yale. Shangazi akafumba macho. Akaanza na babu yenu, akaja kwa bibi, akaja kwa baba yako, akaja kwa mama. Akanyamaza. Mtoto mmoja akadhani yamekwisha, akapeleka mkono kwenye ugali, akapigwa kofi la kiganja. Kisha Shangazi akakutaja wewe, kwa lile jina lako la Kirundi ambalo mimi mpaka leo silitamki vizuri. Akalitaja mara mbili, moja kwa moja baada ya la mama yako, bila jina lingine katikati.

Mumeo,
Baba Riziki